Mawazo ya Usiku Hayamlindi Mtu



Someni Mathayo 6:25-34. Bwana anatukataza kubeba leo mzigo wa kesho. Lakini wengine wanatuuliza: tutaachaje kufikiri, na katika eneo la Beni watu wanauawa tangu Oktoba 2014? Swali hili ni la kweli. Hatusemi ya kwamba mwenye hofu ni mwenye dhambi.

Tumwangalie mama ambaye mume wake amekwenda shambani upande wa Oicha. Jioni simu haipiti. Kabla jogoo hajawika, amekwisha kumzika mara tatu katika mawazo yake. Je, kwa mawazo hayo amemlinda hata kidogo? Hapana. Amechoka tu, na asubuhi anawagombeza watoto bure.

Kuna kufikiri kunakotuma mikono. Wakati wa Ebola, tangu Agosti 2018 mpaka Juni 2020, tulinawa mikono na kupimwa joto. Hiyo ilikuwa akili. Lakini kufikiri kunakozunguka kama mbuzi aliyefungwa kamba, huko kunakula nguvu zetu bure.

Papa Simon Kimbangu alifungwa mwaka 1921, akafa gerezani Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, tarehe 12 Oktoba 1951. Miaka 30! Mama Muilu Marie alibaki na watoto watatu. Aliwalea, akalitunza kundi la waamini kwa siri. Mume wake hakurudi akiwa hai, lakini kazi ya Mungu haikufa.

Basi tushike maneno matatu ya Kanisa letu: bolingo, mibeko, misala.

Upendo: usilale na hofu peke yako, mwambie ndugu akuombee. Na wewe unayejua jirani anangoja mtu, usingoje kuitwa. Enda uketi naye.

Amri: Bwana amesema tusisumbukie kesho. Tumtii usiku huu huu.

Kazi: linalowezekana kwa mikono yetu, tulifanye. Lisilowezekana, tulitaje mbele za Mungu, halafu tulale.

Hatuahidi ya kwamba kila anayengojwa atarudi. Nyumba nyingi kwetu zinajua hivyo. Lakini tunajua ya kwamba Mungu anakesha, na kesha lake linatosha kwa sisi wote.

Amina.