Nani Anachagua Chakula cha Noeli?

 

Kila mwaka Novemba inapoelekea mwisho, maswali ninayoulizwa baada ya ibada hubadilika. Katikati ya mwaka watu huniuliza habari za makaratasi na za karo ya shule. Sasa wananiuliza habari za kuku. Jumapili moja mama mmoja alinisubiri mlangoni mpaka watu wote wakatoka, akaniambia, "Pasta, je, ni dhambi siku ya Noeli tusile nyama?" Nilicheka. Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba mume wake anataka kuweka simu rehani kwa mkopeshaji ili wanunue kuku wawili, mchele na soda, na riba yake ni shilingi 20 kwa kila 100, kwa mwezi mmoja. Yeye anataka mwaka huu wapike kitu kingine, chakula cha kawaida kilichopikwa vizuri, na simu ibaki nyumbani. Walikuwa wamegombana siku tatu. Nikamwomba aniruhusu nijibu kwa kuandika, bila kumtaja, kwa maana najua ugomvi huo uko katika nyumba nyingi.

Jibu fupi ni kwamba si dhambi. Tena Maandiko yanatusaidia hapa kuliko tunavyodhani. Kwa Torati, mwanamke aliyejifungua alitakiwa kuleta mwana-kondoo. Lakini aliyekosa uwezo aliruhusiwa kuleta hua wawili au makinda mawili ya njiwa (Walawi 12:8). Sasa fungueni Luka 2:24 muone Yusufu na Mariamu walileta nini hekaluni. Walileta sadaka ya watu wasio na uwezo. Luka hasemi kwamba Yusufu alikwenda kukopa kondoo ili watu wa Yerusalemu wasimcheke. Na sadaka ile haikuhesabiwa kuwa nusu ya sadaka. Pasaka nayo ni vivyo hivyo: nyumba ikiwa na watu wachache wasioweza kummaliza mwana-kondoo, waungane na jirani, wahesabu kila mtu kwa kadiri ya ulaji wake (Kutoka 12:4). Hiyo ndiyo sikukuu ya kutoka utumwani, na bado Mungu aliagiza walaji wahesabiwe kwanza.

Kwa hiyo baba yule, ambaye nampenda, asikope. Mkopo wa Desemba hulipwa Februari, na Februari hapa Uganda ndipo shule zinafunguliwa. Kinachochemka kwenye sufuria ni karo ya mtoto. Juu ya hilo sina zaidi ya kusema.

Hapo ningeweza kuweka kalamu chini. Lakini ningekuwa nimewadanganya, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kubadilisha chakula cha Noeli bila kukopa hata shilingi moja, na nilikosa.

Ilikuwa mwaka 2022. Kuku aliyeuzwa 25,000 mwezi wa Novemba alikuwa amefika 40,000. Nikaamua moyoni kwamba nyumbani kwangu tutakula bugali na mukene, wale dagaa wanaoanikwa pale Masese, karibu na sisi, ambao sisi watu wa Kivu tunawaita ndakala. Nilijiona mtu wa kiroho sana. Wiki mbili kabla nilikuwa nimehubiri kwamba Bwana alizaliwa mahali pa kulia ng'ombe, nikapata "amina" nyingi. Mama watoto nilimwambia tarehe 24 jioni. Watoto sikuwaambia kabisa.

Wanaoijua Walukuba wanajua nyumba zetu zilivyo. Mtaa huu ulijengwa enzi ya mkoloni kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda, wakati ule bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954, lilipovuta watu Jinja kutoka kila upande. Nyumba ziko karibukaribu. Jirani akikaanga kitunguu, wewe unapiga chafya. Siku ile tangu saa nne asubuhi harufu ya kuku na pilau ilikuwa inaingia kwetu kama mgeni asiyebisha hodi. Nilikaa mezani, nikaomba sala ndefu juu ya unyenyekevu. Nilipofungua macho, binti yangu wa miaka kumi na mmoja hakuwepo. Tulimkuta saa kumi kwa jirani, ana mfupa wa kuku mkononi.

Nilikasirika, nikamwita mbele ya ndugu zake. Ndipo kijana wangu mkubwa, ambaye si msemaji, akaniambia kwa heshima, "Papa, wewe ulifunga. Sisi tulifungishwa."

Nilimfukuza chumbani. Lakini usiku sikulala.

Tangu siku ile nimesoma habari za Danieli kwa macho mengine. Sisi wakimbizi tunampenda Danieli kwa sababu alikuwa kama sisi, kijana aliyechukuliwa mbali na kwao, anapewa chakula cha wenyeji, naye anachagua kitu tofauti. Tunahubiri uthabiti wake. Hatuhubiri adabu yake. Danieli aliazimu moyoni mwake mwenyewe, kisha akaenda kumwomba mkuu, kisha msimamizi, akaomba majaribio ya siku kumi tu, yeye na wenzake watatu (Danieli 1:8-14). Hakumpindulia mtu yeyote sahani. Vijana wengine wa Babeli waliendelea kula nyama ya mfalme, wala hatusomi kwamba Danieli aliwazuia. Mimi niliazimu moyoni mwangu, nikatekeleza katika sahani za watu wengine.

Mtu mzima akisema "chakula ni chakula tu", mara nyingi ni kwa sababu yeye hataulizwa. Mtoto ataulizwa. Shule ikifunguliwa, swali la kwanza ni "mlikula nini Krismasi?", na mtoto wa mkimbizi tayari ana maswali mengi ya kujibu juu ya lafudhi yake na jina lake. Mimi ninapojinyima, watu husema mchungaji ana imani. Mtoto akinyimwa kitu kilekile, watu husema kwao hawana kitu. Sahani ni ileile, lakini sifa nilibeba mimi na aibu wakabeba wao. Sisemi kwamba aibu ya mtoto ni sababu ya kukopa, hapana. Nasema ni mzigo halisi, na anayetaka kumtwisha mtu mzigo amwambie kwanza.

Kuna jambo jingine, nalo linatuhusu sisi wazee. Wapo kati yetu wasemao kwamba bila sombe na sambaza wa Kivu, hiyo si Noeli. Nawaelewa. Wana wa Israeli waliwakumbuka samaki wa Misri, na matango, na matikiti, na vitunguu (Hesabu 11:5), nao walikuwa wamekula wakiwa watumwa. Ulimi una kumbukumbu yake. Lakini je, mnajua kwamba sambaza naye ni mgeni? Alichukuliwa Ziwa Tanganyika akatiwa Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Babu za babu zetu hawakumjua. Muhogo unaotupa sombe ulivuka bahari kutoka Amerika ya Kusini. Hata sangara wa ziwa hili la Victoria aliletwa na watu, katika miaka ya 1950. Kila chakula tunachokiita cha kwetu, kuna nyumba moja iliyokipika mara ya kwanza, na bila shaka kuna mzee aliyekunja uso.

Nilimweleza hayo mjane mmoja wa kanisa letu, nikidhani namfariji. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Pasta, mimi sipiki sombe kwa sababu ni ya zamani. Napika kwa sababu yeye aliipenda." Nikanyamaza. Kwa mama yule sombe si chakula kati ya vyakula, ni mahali pa kukaa na marehemu saa moja kwa mwaka. Anayetaka kumwambia abadilishe na afikiri mara mbili.

Mwaka uliofuata, 2023, tulikaa wote sebuleni Jumamosi ya kwanza ya Desemba. Niliweka fedha zote za sikukuu juu ya meza, zikahesabiwa na mtoto wa miaka minane. Kila mtu akasema kitu kimoja anachokitaka. Binti alitaka chapati na soda. Kijana alitaka nyama. Mama watoto alitaka sombe iliyotiwa karanga. Mimi nilinyamaza, na kwa mchungaji hiyo ni kazi ngumu. Nyama haikutosha fedha. Kijana akasema mwenyewe, "Basi ingoje", lakini uso wake niliuona.

Halafu jirani yetu mmoja, mama Mgisu wa Mbale, aliposikia kuna sombe, akasema yeye ataleta malewa. Malewa ni machipukizi ya mianzi ya mlima Elgon, yaliyokaushwa kwa moshi, ambayo watu wa kwao hupika na karanga siku za heshima. Mimi nilikuwa sijawahi kuyaonja tangu tulipovuka Bunagana mwaka 2012. Tuliunganisha nyumba mbili, tukatandika mikeka nje. Watoto wake walikula sombe yetu kwa mashaka, na wetu wakala malewa kwa mashaka vilevile, baadaye sufuria zote mbili zikafutwa kwa chapati. Jioni nilimuuliza kijana wangu siku ilikuwaje. Akajibu, "Chakula kilikuwa kizuri, Papa, lakini haikuwa Noeli sana." Nilipokea. Aliulizwa, akajibu.

Najua wako watakaosoma haya na kusema, Pasta, wewe unazungumza habari za kuchagua, sisi tuna nini cha kuchagua? Mna haki. Wengine mmefika baada ya Goma kutekwa Januari 2025. Na ninyi wa kambini mnajua kilichotokea Mei 2025, WFP ilipotangaza kwamba imesimamisha mgao wa chakula kwa wakimbizi wapatao milioni moja hapa Uganda kwa kukosa fedha. Asiye na cha kuchagua asihubiriwe unyenyekevu wa Bethlehemu. Kwanza aulizwe anakosa nini. Mashemasi wetu walipanga kugawa kilo mbili za mchele kwa kila familia mpya. Nikawaomba waende nyumba kwa nyumba waulize kabla ya kununua. Mama mmoja akawajibu, "Mchele ninao, wanangu. Makaa ndiyo sina." Mwingine aliomba mafuta. Baba mmoja aliomba tu kwamba mtu yeyote aje ale pamoja naye, kwa kuwa yuko peke yake. Huyo mashemasi hawakujua wamwandike kwenye safu gani.

Yule mama wa mlangoni alirudi kwangu Alhamisi pamoja na mume wake. Simu bado iko nyumbani. Hawajapatana, baba anasema watoto watasikitika, mama anasema watoto wataelewa. Nikawauliza watoto wenyewe wanasemaje. Wakatazamana. Hakuna aliyekuwa amewauliza. Wamekubaliana kuwakalisha Jumamosi baada ya kufua.