Boila Usiizime Ukienda Harusini

Mpwa wangu, nimefurahi kusikia umeshakata tiketi ya Mombasa, maana harusi ya dada yako bila wewe isingenoga. Lakini nakujua mkono wako ulivyo mzito kwenye matumizi. Siku ya safari utazunguka nyumba nzima ukizima hiki na kuchomoa kile, na mwisho utafika kwenye boila. Hiyo iache iwake.

Hapa Uingereza rejeta zako zinapashwa kwa maji yanayozunguka kutoka kwenye boila na kurudi, na maji hayo hukaa ndani ya mabomba mwaka mzima. Yakiganda, huongezeka ukubwa kwa karibu asilimia 9. Watu hudhani bomba hupasukia pale penye barafu. Mara nyingi barafu huziba njia tu, ikazidi kukua na kuyabana maji yaliyonaswa kati yake na koki iliyofungwa, mpaka kiungo dhaifu kikaachia, pengine upande mwingine kabisa wa nyumba. Na siku hiyo huoni hata tone, kwa sababu barafu yenyewe ndiyo kizibo. Balaa huja baridi ikipungua: maji yanamwagika usiku na mchana, nawe uko Nyali unakula biriani.

Desemba 2010 baridi ilikuwa haijapata kuonekana mwezi huo kwa miaka mia moja nchini humu. Ireland ya Kaskazini, theluji ilipoyeyuka, mabomba yaliyopasuka majumbani na kwenye majengo yaliyofungwa kwa likizo yakavuja kwa wakati mmoja. Maji yakapungua hata kwenye hifadhi za miji, na maelfu ya watu wakakaa bila maji, wengine ambao mabomba yao hayakuwa na kosa lolote.

Boila yako ina kinga yake: ikihisi ubaridi wa nyuzi 5 hivi, hujiwasha yenyewe. Ila kinga hiyo inakula stima na gesi. Ukizima swichi ya ukutani, umeiua. Na wewe mita yako ni ya kadi, kama tokeni za stima huko kwetu, kwa hiyo hata usipoigusa swichi unaweza kuiua kwa kusahau tu. Kuna ada ya kila siku inayokatwa hata kama hukuwasha kitu. Salio likiisha wiki ya pili, gesi inakatika kimya kimya na boila inalala katika usiku ule ule unaoihitaji. Tia pesa za kutosha kwa muda wote utakaokuwa nje, halafu ongeza. Najua zinauma.

Tena kinga hiyo inailinda boila yenyewe. Bomba la chooni kwenye ukuta wa nje haihusiki nalo. Kwa hiyo weka thamostati kwenye nyuzi 12 au zaidi, saa 24, bila kuipangia saa za kuzima. Valvu za rejeta usizifunge. Ile alama ya theluji ndiyo ya chini kabisa unayoruhusiwa. Acha milango ya vyumba wazi, na kifuniko cha dari pia, joto lipande. (Mimi nyumba yangu ni ya zamani, nina tangi darini. Nimelifunika juu na ubavuni, chini nimeliacha wazi makusudi, lipate joto linalopanda kutoka vyumbani.)

Koki kuu iko chini ya sinki la jikoni. Ijaribu leo, kwa kulia inafunga. Nyingi zimekwama kwa kutoguswa. Siku ya safari ifunge.

Ukirudi, asubuhi moja ya Januari huenda ukaikuta boila inagugumia kama mtu anayesukutua, kioo kinaonyesha herufi na namba. Kabla ya kumpigia mtu, toka nje utazame kijibomba cheupe cha plastiki kinachoshuka ukutani. Boila za siku hizi hudondosha maji humo, na yakiganda boila hujifunga. Mwagia maji ya uvuguvugu, hasa kwenye kona na mdomoni, au kizungushie mfuko wa mpira wa maji moto. Maji ya kuchemka hapana, moto wa kiberiti hapana kabisa. Kama kiko juu, usipande ngazi kwenye barafu. Kikizibuka, bonyeza kitufe cha kuanzisha upya. Kikirudia kuganda, mwambie mwenye nyumba alete fundi aweke bomba nene na alivishe sponji. Hilo ni lake kulipa. Anayefungua boila yenyewe awe na kitambulisho cha Gas Safe, yaani fundi wa gesi aliyesajiliwa, hata kama rafiki yako anajua ufundi.

Ufunguo na kadi ya mita niachie mimi, nitapita kutazama. Gesi nitakayoongeza nitakudai pesa taslimu, usiniletee halua.