Kipigo Kisichomgusa Mtoto

Yuko mwanamume ampigaye mkewe usiku, kisha asubuhi akadai kuwa yeye ni baba mwema. Hoja yake ni nyepesi, na huisema bila ya haya: hajapata kumwinulia mtoto mkono. Mtoto alikuwa chumba cha pili, amelala. Na hata kama alikuwa macho, ana umri wa miaka minne, ajua nini? Swali lililomo katika dai hili ni zito kuliko msemaji wake anavyodhani. Je, mtu aweza kumdhulumu mama akabaki hana deni kwa mtoto?

Mtoto mdogo hana dunia nyingine ila ile iliyo baina ya watu wamleao. Siku mmoja wao anapomjeruhi mwenziwe, mtoto hana pa kukimbilia. Hawezi kuondoka, hawezi kuamua, hawezi hata kuuliza, maana maneno ya jambo hilo hajapewa. Kwa hiyo husema kwa mwili. Aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani huanza tena. Huamka kwa mayowe. Huumwa tumbo lisiloonekana ugonjwa. Hung'ang'ania upindo wa kanga ya mama hata mlangoni mwa choo. Mwingine huwapiga wenziwe mchezoni kwa matusi yale yale aliyoyasikia chumbani. Watu wazima humwita mtundu, wakamwongezea fimbo, na hivyo humthibitishia somo la nyumbani kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki.

Walakini wa kuhofiwa zaidi ni mtoto mtulivu. Huyu hasumbui mtu. Amejifunza kusoma nyayo za baba kabla mlango haujafunguliwa; kwa mlio wa funguo hujua kama usiku utakuwa wa amani. Wageni humsifu adabu, na sifa hiyo ni makosa, kwani adabu hutoka katika heshima, na kilichomo humu ni hofu. Moyo wenye hofu hupiga mbio na misuli hukaza. Mwili ukiwekwa tayari hivyo kila siku, hausazi nafasi ya kumsikiliza mwalimu. Tena mtoto wa umri huu aghalabu hudhani kuwa litokealo limetokana naye. Mchuzi alioumwaga jioni na kilio cha mama usiku huviunga pamoja, akajihukumu peke yake gizani.

Yamkini wako watakaosema haya ni makisio ya wenye huruma. Mwaka 1998 daktari Vincent Felitti na wenzake walichapisha huko Marekani uchunguzi wa watu wazima zaidi ya 9,000 walioulizwa habari za utoto wao. Katika mateso yaliyohesabiwa, mama kutendewa ukatili kuliwekwa safu moja na mtoto kupigwa mwenyewe. Kadiri aina za mateso zilivyozidi utotoni, ndivyo ulevi, huzuni nzito, majaribio ya kujiua na hata maradhi ya moyo yalivyozidi ukubwani. Nchini Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikwisha kumnyima kila mwenzi haki ya kumwadhibu mwenziwe kwa kipigo. Lakini sheria hubisha hodi mlango wa mbele, na kipigo hukaa chumba cha ndani.

Liko shauri ambalo wanawake hupewa na wazee: vumilia kwa ajili ya watoto. Shauri hili lina sababu zake, kwani asiye na shamba wala mshahara ataondoka na watoto awapeleke wapi? Hapana haki ya kumlaumu aliyebaki. Lakini uvumilivu wa njaa au wa ugonjwa ni fadhila. Uvumilivu wa mkono wa mtu humfaidi mwenye mkono. Na ni nadra mno kusikia mzee akimwita mwanamume kando, akamwambia ajizuie kwa ajili ya watoto.

Mtoto aliyeyaona hayo hakuandikiwa kuyarudia, na wengi hawayarudii. Humfaa sana mtu mzima mmoja asiyegeuka, bibi, mjomba au mwalimu, wa kumwambia kwa maneno mepesi kwamba alilolisikia lilikuwa kweli, lilikuwa baya, na hakulisababisha yeye. Huenda siku hiyo mtoto asijibu. Ataendelea kuchezea mchanga. Siku ya tatu au ya nne ndipo atauliza habari za ule mchuzi.