Mafua, Homa na Ruhusa ya Kula

Kila Ramadhani wifi yangu hapa Tanga hupiga chafya, kisha huniuliza: "Wifi, nile?" Aya ya 184 ya Sura ya Baqara inampa mgonjwa ruhusa, alipe siku nyingine. Haitaji ugonjwa gani. Husimuliwa kwamba Ibn Sirin, mwanazuoni wa kale, alikula kwa sababu ya kidole kilichomuuma. Lakini wanazuoni wengi, wa madhehebu ya Shafii wakiwemo, wanataka dhara au taabu ya kweli.

Mafua ya kawaida huja polepole: koo linawasha, pua inachuruzika, mtu anakuna nazi huku akinung'unika. Homa ya mafua humwangusha mtu ghafla. Asubuhi mzima, jioni joto limepanda, viungo vyote vinauma, kuinuka kitandani hawezi. Dalili huingiliana, na uhakika uko kwenye kipimo, ila sheria haiulizi jina la kirusi. Inauliza kama saumu itamdhuru.

Sidhani Mungu aliiacha aya wazi kwa kusahau. Mwili wa wifi anaujua wifi. Mimi niko jikoni. Basi, wifi, pua ikichuruzika tu, funga. Ukitetemeka kwa homa, kunywa maji, ule, ulipe baada ya Idi.