Fedha za Ukame: Ni Haki ya Nani?

Ama baad. Yafaa kuulizwa: mfugaji aliyepelekewa fedha na serikali wakati wa ukame, naye bado ana wanyama wa kumtosha, je, ni halali yake kuzila?

Kwanza ifahamike asili ya fedha hizo. Mwaka 2008 serikali ya Kenya, kwa msaada wa Uingereza, ilianzisha mpango wa kuwalipa watu wa Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, ambako riziki ya wengi ni mifugo. Na baadaye mpango huo ukafika hata Tana River. Nyumba zipatazo 100,000 zilizo dhaifu zaidi zikawa zikilipwa daima, na nyumba nyengine zikaandikwa daftarini ili zilipwe pindi ukame utakapozidi. Ukame huo hupimwa kwa vyombo vilivyo angani, vinavyotazama ukijani wa malisho na kuulinganisha na wa miaka iliyopita. Kipimo kikishuka chini ya 20 katika 100, huo ni ukame mkali. Kikishuka chini ya 10, umepita kiasi. Hapo fedha hutumwa kabla mtu hajanyosha mkono kuomba.

Huu ni utaratibu mwema, kwa kuwa ng'ombe aliyekwisha kufa hafai kitu msaada unaokuja nyuma yake. Kati ya 2020 na 2022 misimu mitano ilipita mfululizo bila ya mvua ya kutosha, na Kenya ikapotewa na wanyama zaidi ya milioni 2.

Lakini chombo cha angani huona nyasi, hakioni chungu cha mtu. Na daftari huandikwa siku moja, na hali ya mtu hugeuka: aliyekuwa na ngamia 60 huenda leo hana hata mmoja, na aliyeandikwa maskini huenda amepata. Yaliyobaki baina ya hayo mawili ni amana ya mpokeaji mwenyewe.

Fedha hizi si zaka. Walakini yaliyosemwa na wanazuoni juu ya maskini yaangaza njia. Kwa Mashafii, utajiri haujulikani kwa nisabu bali kwa kutosheka. Mtu aweza kuwa na ngamia 5, zaka ikamuwajibikia, na bado akawa maskini kwa kuwa walivyo navyo haviwatoshi watoto wake. Basi asiaibishwe mfugaji kwa kuambiwa, "Una wanyama, wataka nini?" Na katika hadithi ya Qabisa aliyoipokea Muslim, mtu aliyepatwa na msiba ulioangamiza mali yake amehalalishiwa kuomba, mpaka apate cha kumsimamisha, kisha akome.

Mpaka huo ndio asili ya jawabu. Mtu akisema, "Jina langu limo, serikali imenipa, sikuiba," atajibiwa: hazina ina mwisho, na nyumba iliyomfuata katika daftari huenda ikakosa kwa sababu yake. Akijua kwamba anatosheka, na azirejeshe kwa wahusika. Na asipopata njia, ampe jirani ambaye zizi lake limebaki tupu. Ama mkubwa wa kijiji akataye sehemu ya fedha za mwenye haja kwa kuwa ndiye aliyemwandika, huyo amekula dhulma, wala asiite ujira.

Basi aliyepatwa na ukame na apokee bila ya unyonge, kwani ni haki yake. Na aliyesalimika na azuie mkono wake, kwani ni haki ya mwenziwe. Wallahu aalam.