Kahawa Uwanjani na Wingu la Ziwani
Somo: Luka 14:1-6



Mwinjilisti Luka atusimulia ya kuwa Bwana wetu aliingia siku moja ya sabato nyumbani kwa mkuu mmoja wa Mafarisayo ili ale chakula, nao walikuwa wakimvizia. Mbele yake alikuwapo mtu mwenye ugonjwa wa safura. Yesu akawauliza wanasheria kama ni halali kumponya mtu siku ya sabato. Wakanyamaza. Basi akamshika yule mgonjwa, akamponya, akamruhusu aende zake. Kisha akawauliza neno la pili: kama mnyama wa mmoja wao angetumbukia kisimani siku ya sabato, je, angemwacha humo mpaka kesho? Hawakuweza kumjibu.

Nimelichagua somo hili kwa sababu ya swali linaloulizwa katika sharika zetu huku Kagoma, na pande nyingi za Bukoba na Muleba, kila ufikapo wakati wa kuvuna kahawa. Swali ndilo hili: Siku ya Bwana, watu wamekwisha kukaa ibadani, nayo kahawa yaanikwa uwanjani. Mara wingu jeusi lapanda kutoka ziwani. Je, mtu akiondoka kwenda kuikusanya, amefanya dhambi?

Wengine waweza kulidharau swali hili, wakidhani ni dogo. Lakini kila mtu wa nchi hii ajua kazi iliyomo ndani yake. Kahawa huanza kuvunwa mwezi wa Mei, mvua kubwa zikiwa zinakwisha. Tunda huchumwa likiwa jekundu, likatandazwa juu ya majamvi au maturubai, likageuzwa mara kwa mara ili likauke pande zote. Jioni hukusanywa rundo na kufunikwa, asubuhi hutandazwa tena. Kazi hiyo huendelea majuma mawili au matatu, na jua likiwa haba huzidi hapo. Kahawa iliyokwisha kukauka nusu ikilowana, hushikwa na ukungu, harufu yake huharibika, na bei yake hushuka. Mvua ya nusu saa yaweza kupoteza ada ya shule ya mtoto.

Tena twaijua hali ya hewa ya kwetu, jinsi isivyotabirika. Pwani ya Bukoba hupata kama milimita 2000 za mvua kwa mwaka, na hapana mwezi ulio mkavu kabisa. Aprili ndio mwezi wa mvua nyingi, Julai ni wa mvua chache, lakini hata Julai wingu laweza kutushtukiza. Sababu yake ni ziwa. Usiku nchi kavu hupoa upesi, bali maji ya Ziwa Viktoria hukaa na joto lake; hewa iliyo juu ya maji hupanda, mawingu hukusanyika huko, kisha upepo wa mashariki huyasukuma kuja kwetu. Ndiyo maana mvua zetu nyingi huja alfajiri na asubuhi, yaani saa zile zile ambazo kengele ya kanisa hulia.

Basi nasikia majibu mawili. Wako wasemao, Aondokaye ibadani kwa ajili ya kahawa ameipenda kahawa kuliko Mungu, na aiache ioze. Wengine huinuka hata kabla wingu halijafika, nao hawarudi tena. Wakiisha kufunika kahawa, hukaa kibarazani, na Jumapili yao imekwisha. Mimi naona ya kuwa Neno la Bwana lawapinga wote wawili.

Wale wa kwanza na wamsikilize Bwana alivyouliza habari ya kisima. Sabato ilitolewa iwe mema kwa mwanadamu. Naye Luther, alipoieleza amri ya tatu katika Katekismo Ndogo ya mwaka 1529, hakuhesabu hatua wala kazi za mikono. Alitufundisha tusilidharau Neno la Mungu na mahubiri yake, bali tulishike kuwa takatifu na kulisikia kwa furaha. Mtu akimbiaye kuokoa chakula cha watoto wake halidharau Neno. Amefanya kama yule amwopoaye mnyama wake.

Lakini wale wa pili nao na wasikilize. Mnyama wa Injili alitumbukia. Hakusukumwa na mwenyewe. Mtu ayeonaye mawingu tangu Jumamosi jioni, naye Jumapili asubuhi akaitandaza kahawa yote kwa kutamani jua la siku moja zaidi, huyo amechimba kisima mwenyewe na kumsukumia ng'ombe wake ndani. Afadhali aiache rundoni, imefunikwa vema, aende ibadani na moyo uliotulia. Watu wa siku hizi wana msaada ambao babu zetu hawakuwa nao, maana Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa habari za mvua kwa redio na kwa simu. Tuzisikilize kwa shukrani. Nayo ni akili aliyoitoa Mungu. Tena yeye aliyetoka na aikumbuke habari ya wale kumi wenye ukoma, katika sura ya 17 ya kitabu hicho hicho cha Luka. Wote kumi walisaidiwa, akarudi mmoja tu. Kahawa ikiisha kufunikwa, njia ya kwenda kanisani ingalipo.

Haya nimeyasema kwa kuwa yaliulizwa. Walakini, ndugu zangu, liko swali jingine ambalo sijasikia likiulizwa, nalo ndilo lililo zito mbele za Mungu. Wingu lipandapo, kila mtu hukimbilia uwanja wake. Je, kahawa ya mjane ni nani anayeikimbilia?

Tazameni vijiji vyetu. Yuko mama aliyefiwa na mumewe, naye miguu yake haina nguvu tena ya kukimbia. Yuko mzee ambaye watoto wake wote wamekwenda Mwanza na Dar es Salaam kutafuta kazi. Amebaki peke yake na kibanja chake, nyasi za kutandaza chini ya migomba hana wa kumkatia, na kahawa yake huitandaza kidogo kidogo kwa mikono inayotetemeka. Mvua ikimkuta yeye, hasara yake haiishi siku ile. Kahawa yake iliyoharibika huleta fedha haba. Fedha zikiisha mapema, humwendea mtu wa butura, amwuzie kahawa ya mwaka ujao ingali maua mtini, kwa bei ya huzuni. Mwaka ujao huvuna mali isiyo yake. Hivyo watu hufungwa miaka mingi kwa sababu ya wingu moja, na kwa sababu siku ile hapakuwa na mtu wa kushika ncha ya pili ya turubai.

Torati yenyewe ilikwisha kutuonya. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, Mungu akataza mtu kujifanya haoni mnyama wa ndugu yake aliyeanguka njiani. Imempasa amsaidie kumwinua. Tena Kutoka, sura ya 23, yazidi kwenda mbele, maana huko atajwa punda wa adui. Nanyi mwajua ya kuwa huku kwetu adui wa mtu mara nyingi ni yule waliyepakana naye, waliyegombana juu ya mpaka wa kibanja. Kahawa ya huyo nayo ikilowana mbele ya macho yako, Torati yakuamuru uvuke mpaka ule. Kesi na ingoje barazani siku yake, mvua haingoji.

Mababu zetu, kabla Injili haijafika, waliijua kahawa kuwa ni ishara ya undugu. Walipofanya omukago, yaani undugu wa damu, wawili waligawana mbegu mbili za tunda moja, zimepakwa damu yao, kila mmoja akameza ya mwenzake. Tangu siku ile mmoja hakuweza kumwacha mwenzake katika shida. Sisi tulio wa Kristo hatuna haja ya damu ile, maana tumefanywa ndugu kwa damu iliyo bora, na kikombe chake twakinywea pamoja. Je, sisi tulioungwa hivi tuwaangalie ndugu zetu kwa mbali, wakipotewa na kazi ya mwaka mzima?

Labda mtu asema, Mvua ni ya Mungu. Akitaka kuiharibu kahawa ya mtu, mimi ni nani nimzuie? Neno hili lina sura ya ibada, lakini ni ugumu wa moyo. Bwana alisema katika Mathayo, sura ya 5, ya kuwa Baba huwanyeshea wenye haki na wasio haki. Wingu halichagui uwanja wa mwenye dhambi. Wingu lile lile liozeshalo kahawa ya huyu, lainywesha migomba ya yule, na asubuhi moja mtu mmoja aomba jua na mwingine aomba mvua. Kwa hiyo mtu asiseme mjane yule ana laana, wala asiende kwa mganga kutafuta nani amemletea mvua.

Mnakumbuka tulivyofundishwa watoto wa kipaimara maana ya ombi la nne katika Sala ya Bwana. Luther auliza, mkate wa kila siku ni nini? Naye ahesabu vitu vingi: chakula na mavazi, nyumba na shamba, serikali njema, amani na afya. Katikati ya hayo aitaja hali njema ya hewa, na mwishoni awataja majirani waaminifu. Nimeyatafakari sana maneno haya mawili kuwekwa katika ombi moja. Hali njema ya hewa hapana mtu awezaye kumpa mwenziwe. Hiyo yatoka mkononi mwa Mungu peke yake, na wakati mwingine hatupewi kama tulivyotamani. Bali jirani mwaminifu Mungu humtoa kwa njia ya watu. Kila tusemapo, Utupe leo, yuko mtu jirani yetu aombaye vivyo hivyo, na huenda Mungu amekusudia kumjibu kwa miguu yako. Siku ambayo hali njema ya hewa imezuiliwa, ndiyo siku ambayo jirani mwaminifu ahitajiwa.

Kwa hiyo natoa shauri kwa wazee wa kanisa na wainjilisti wa mitaa yote. Kabla ya mavuno kuanza, andikeni majina ya wajane, wagonjwa na wazee walio peke yao, ambao wana kahawa ya kuanika. Kila mmoja apewe vijana wawili walio karibu naye, nao wajulikane. Jumamosi jioni wapite kwake, waikusanye kahawa na kuifunika vema. Turubai la mtu likiwa limetoboka, usharika usaidie kununua jingine. Na Jumapili, wingu lipandapo ghafula, mzee wa zamu asimame awape ishara vijana wale, nao waanze kwa mjane, ndipo waende kwao. Mhubiri asikasirike. Na akae kitini, kwaya iimbe, hata warudi. Siku hizi makanisa yetu yameezekwa mabati, na mvua ikianza kuyapiga, hapana asikiaye mahubiri hata hivyo. Heri mahubiri yangoje kwa ajili ya upendo.

Nao wakirudi, nguo zao zimelowana na miguu ina matope, wasiketishwe nyuma kwa aibu. Wamelisikia Neno nao wamelitenda.

Tuombe. Ee Bwana, Baba yetu, mvua na jua ni mali yako. Utupe hali ya hewa ifaayo kwa kazi za mikono yetu. Na utunyimapo, usitunyime ndugu. Uwaangalie wajane na wazee walio peke yao. Utuondolee uvivu utumiao jina lako, na haraka itusahaulishayo Neno lako. Utufanye kuwa majirani waaminifu, kwa ajili ya Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.