Mfungwa na Hesabu Yake



Labda wadhani kwamba kila gereza ni kuta ndefu, minara na bunduki. Sivyo. Serikali ya shirikisho ya Marekani, iliyoanzisha Idara yake ya Magereza mwaka 1930, imeyapanga magereza yake kwa kadiri ya ulinzi wake. Gereza la Danbury katika jimbo la Connecticut, lililofunguliwa mwaka 1940, ni la ulinzi wa chini. Katika magereza ya aina hii wafungwa wengi hulala mabwenini, hutoka kwenda kazini kwa ujira wa senti 12 hadi 40 kwa saa, na kizuizi chao ni uzio wa nyaya wa safu mbili.

Lakini jambo moja halilegezwi humo, nalo ni hesabu. Usiku na mchana wafungwa huhesabiwa mara kadhaa. Na kila siku saa kumi alasiri hupasa kila mmoja asimame, maaskari wapite na kumwona kwa macho yao. Hesabu isipotimia, hurudiwa tangu mwanzo.

Saa kumi alasiri! Je, si karibu na saa hiyo ambapo sisi tulio huru husikia adhana ya Alasiri? Mfungwa husimama kwa kuwa ameamriwa na askari. Sisi tumeitwa na Muumba wetu, wala hapana uzio mlangoni petu. Basi mbona wengi wetu hatuinuki? Kurani Tukufu yatufundisha kwamba Mwenyezi Mungu amewahesabu viumbe vyote barabara, na kwamba kila mmoja atamjia peke yake Siku ya Kiyama (19:95-96). Katika hesabu hiyo hakosekani mtu.

Hata hivyo, tusimdharau aliye kifungoni. Nabii Yusufu a.s. aliona gereza ni bora kuliko dhambi, na alipokuwa humo aliwahubiria wafungwa wenzake Umoja wa Mungu kabla hajawafasiria ndoto zao (12:34, 40-41). Na Hadhrat Mufti Muhammad Sadiq r.a., sahaba wa Masihi Aliyeahidiwa a.s., alipofika Philadelphia mwaka 1920, maofisa wa uhamiaji walimzuia kwa sababu ya dini yake, wakimhoji habari za kuoa wake wengi. Aliwajibu kwamba hiyo ni ruhusa katika Islam, wala si amri. Nyumba ile haikuwa gereza la wahalifu, lakini mlango wake ulifungwa vilevile. Humo ndani aliwahubiria waliozuiwa pamoja naye, na baadhi yao wakasilimu kabla yeye mwenyewe hajaruhusiwa kukanyaga mitaa ya Marekani.

Wako wasemao: "Mfungwa husilimu kwa kutafuta faida." Ndugu uliyeingia Islam karibuni, huenda nawe umeambiwa maneno kama hayo na jamaa zako. Kumbuka kwamba Mtume Mtukufu s.a.w. alimkemea Usama r.a. kwa kumwua mtu aliyetamka shahada vitani, akamwuliza kama alikuwa ameupasua moyo wake apate kujua ukweli wake. Basi ya moyoni tumwachie Mwenye kuyajua.

Sheria ya Marekani humruhusu mfungwa wa shirikisho mwenye mwenendo mwema apunguziwe hadi siku 54 kwa kila mwaka wa kifungo alichohukumiwa. Ikiwa sheria ya wanadamu ina mlango wa huruma, je, Mwingi wa Rehema ataufunga Wake? Yeye amewakataza waja Wake wasikate tamaa, maana husamehe dhambi zote (39:54). Wala hapunguzi siku chache tu. Mwenye kutubu kweli humfutia deni lote.

Na wewe unayeichunguza Islam, ambaye moyo wako umekwisha kuona haki lakini waogopa maneno ya watu: jiulize ni uzio gani unaokuzuia. Yule wa Danbury hana ruhusa ya kutoka. Wewe unayo. Simama leo kwa hiari yako, kabla ya siku utakaposimamishwa kwa hesabu.

Mwenyezi Mungu atufungue sote katika vifungo vya nafsi zetu. Amin.